Konokono Aliyekataa Maji

Vitu vya Baba Mdogo Amisi vilinifikia katika mfuko mmoja wa plastiki na ndoo moja. Mfukoni mlikuwa na koti lake la njano la kulinda magari, redio isiyo na mfuniko wa betri, na viatu vya kanisani ambavyo hakuwahi kuvivaa kanisani. Ndoo ni ile nyeupe ya rangi ya nyumba, ya lita ishirini, mshikio umefungwa kamba ya bluu. Kwa ndoo hiyo aliosha magari ya watu wa Point, mtaa wetu hapa Durban, mpaka mgongo ukamkatalia. Nilipofungua kifuniko nilipigwa na sabuni ya magari, halafu chini ya sabuni nikasikia harufu nyingine, au niliiwaza tu, sijui: mwani uliokauka, na kioo kilichoganda chumvi. Nikakaa sakafuni. Binti yangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia vumbi.

Kuna majina mawili nimeyataja tangu nina miaka tisa. La kwanza Mchungaji Élie. La pili Shabani, mwangalizi wa jengo letu. Nimeyataja saluni mikono ikiwa kichwani kwa mtu, nimeyataja kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi, nimeyataja harusini watu wakila. Waliosababisha mama na baba yangu wabaki njiani nawajua pia, na hao nimewataja mbele ya watu wa ofisi mara tatu, leo wapumzike. Élie na Shabani nilisema waliua kazi ya baba yangu mdogo. Nitawataja tena hapa, ila safari hii nitawataja vizuri, mnivumilie mpaka mwisho.

Sisi ni watu wa ziwa. Kule Uvira, Kongo, kando ya Tanganyika, baba mdogo alikuwa na kazi ambayo nikiwaeleza watu wa Durban wanacheka: alivua samaki wadogo wa rangi, wa kutazamwa, si wa kuliwa. Alizama na neti mbili, akawaongoza taratibu kama anachunga kuku, akawafunga katika mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, wakapanda ndege kwenda Ulaya. Alikuwa akisema kwamba samaki wake wamefika nchi nyingi kuliko waziri. Vita ilipokuja, samaki waliokuwa kwenye mapipa aliwamwaga ziwani kwanza, ndipo akanishika mkono tukakimbia. Watu walimlaumu kwa dakika zile. Mimi sijawahi.

Durban tulipata chumba Point, ghorofa ya tatu, dirisha moja. Enzi hizo majengo mapya ya ufukweni hayakuwepo, kulikuwa na vyumba, panya, na upepo. Mimi shule haikunipokea, karatasi zilikuwa hazijatoka, kwa hiyo nilishinda ndani. Baba mdogo alitoka kila asubuhi kutafuta kazi akarudi na miguu iliyovimba. Siku moja alirudi na uso mwingine kabisa. Alikuwa amefika Overport, akapita dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi, Pillay, muuza samaki wa mapambo. Aliona samaki mgonjwa kwenye tangi la mbele, akaingia akamwonyesha mwenye duka kwa ishara, maana Kiingereza chake kilikuwa cha vidole, kwamba pampu inapuliza hewa chafu ya jikoni. Pillay alihamisha pampu. Wakabaki wanazungumza kwa vidole mpaka mchana.

Pillay alikuwa na ndoto yake. Samaki wa rangi wa maji ya moto alikuwa nao tele, kila duka lilikuwa nao. Yeye alitaka tangi la viumbe wa hapahapa, wale wanaobaki kwenye vidimbwi vya miambani maji ya bahari yakishuka, wakae kwenye kioo cha mbele, watoto wa shule waje waone. Alishajaribu. Walikufa wote, kwa sababu wafanyakazi wake walizoea kupasha maji moto, na hawa wanataka maji ya baridi, ya bahari yenyewe, yanayotembea. Basi akampa baba mdogo tangi moja kuukuu na pampu, na kibali cha kuokota kikiwa mfukoni mwa Pillay mwenyewe, akamwambia: kaa nao nyumbani. Likizo ya shule ikiisha nitakuja kuona. Wakiwa hai, kazi ya matangi yote ni yako.

Baba mdogo aliponieleza haya alikuwa amekumbatia lile tangi kifuani, hajalitua bado. Mimi nilikuwa najua maana ya kazi. Kazi ilikuwa ni yeye kutorudi na miguu imevimba.

Siku maji yaliposhuka sana tulikwenda miambani sisi watatu, Pillay kakunja suruali, shati lake limepigwa pasi kama anakwenda harusini. Ilikuwa majira ya baridi, jua liko lakini upepo unauma masikio. Vidimbwi vilikuwa vimetulia, ukiinama unajiona uso wako, kisha uso unafunguka na chini yake kuna mji. Sisi wa ziwa hatukuwa na majina ya vile viumbe. Vingine viliota mwambani kama maua ya nyama, ukivigusa vinajifunga kama ngumi. Kulikuwa na kaa aliyeishi ndani ya gamba la konokono. Kulikuwa na mmoja wa miiba, mweusi, kama nungunungu wa kuwekwa mfukoni. Tulichukua wachache tu. Baba mdogo alikataa tamaa: kila mmoja alitaka amchukue na jiwe lake, "maana mutu akihama na kitanda chake, analala mbio." Mawe yalilowa mikononi mwake akayabeba kama mikate ya moto.

Tangi tuliliweka mbali na dirisha, juu ya tofali nane. Mchanga chini, mawe yakaegemezwa pawe na vijipango, maji ya bahari tuliyobeba kwa madumu ya mafuta ya kula, safari sita. Ili maji yasipate joto, feni ndogo ilipuliza juu yake mchana kutwa, na jua likikaza tulitumbukiza chupa za barafu. Barafu ilitoka kwa Mama Fatuma wa ghorofa ya pili, mwanamke wa Tanga aliyeuza sambusa, peke yake mwenye friza jengo zima. Alipanda kuona barafu yake inakwenda wapi, akasimama mbele ya kioo, mkono kiunoni.

"Ala! Kiti cha pweza," akasema, akimwonyesha yule wa mikono mitano niliyekuwa nikimwita nyota. "Amisi, wewe mtu wa bara, nani kakufundisha kuweka ndani mtu asiyelipa kodi?"

Tangu siku hiyo nikajua kwamba pweza ana kiti. Nilimsubiri pweza aje akikalie, siku nyingi, na sikumwambia mtu.

Wengine tuliwapa majina wenyewe. Yule wa gamba la kuazima tulimwita Mpangaji. Wa miiba tulimwita Shabani, kwa sababu mwangalizi wetu alikuwa haguswi. Na kulikuwa na konokono mmoja mdogo, wa kijivu, saizi ya punje ya hindi, ambaye hakukaa majini. Ukimweka chini, baada ya saa moja yuko kwenye kioo anapanda. Asubuhi yuko juu kabisa, nje ya maji, kajibana kwenye pembe. Baba mdogo alimbatiza Mkimbizi. Kila siku alimsalimia: "Mkimbizi, karatasi yako imetoka?" Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa. Hicho ndicho kicheko changu cha kwanza Durban, nakikumbuka kama mtu anavyokumbuka jino la kwanza kung'oka.

Sasa sikilizeni kuhusu maji, kwa sababu kila kitu kiko hapo.

Feni ilipopuliza, maji yalipungua. Baba mdogo alikuwa amepiga mstari kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya Mama Fatuma, nyekundu, na kila asubuhi maji yalikuwa chini ya mstari, kidole kizima. Pillay alikuwa amemweleza jinsi ya kujaza: maji ya bomba, yakae kwenye ndoo siku mbili yatulie, kisha uongeze mpaka kwenye mstari. Kwa hiyo ndoo nyeupe iliwekwa mlangoni, kazi ya kujaza akapewa Sifa, yaani mimi, kwa kikombe cha bati, taratibu, kila asubuhi akishatoka.

Nilifanya siku nne. Siku ya tano nilisimama na kikombe mkononi nikamtazama Mkimbizi kule juu, nje ya maji, na nikaelewa. Nilielewa vibaya, lakini kwa nguvu zote za mtoto. Kwa nini konokono wa baharini akimbie maji? Kwa sababu maji yameharibika. Na nani anayaharibu? Sisi, na maji ya bomba. Baba mdogo alikuwa mtu wa ziwa. Ziwani maji ni maji: unakunywa wewe, anakunywa samaki, unapikia ugali hayohayo. Nikajiambia amesahau kwamba hapa si kwetu. Anawalisha wageni chakula cha nyumbani kwake, nao kwa adabu wanakufa polepole.

Kumkosoa mkubwa sikuweza, sikulelewa hivyo. Lakini kumsaidia bila yeye kujua niliweza. Nilimwaga ndoo kwenye sinki, nikachukua dumu la lita tano, nalo limefungwa kamba ya bluu kama ya ndoo, nikateremka ngazi, nikatembea mpaka bichi nikiwa peke yangu, miaka tisa, katika mji ambao nilikatazwa hata kuvuka robot, zile taa za barabarani, bila mkono wa mtu. Nilirudi tena mara tatu. Maji yalinipiga mguuni, kamba ya bluu ilinikata vidole. Ndoo ikajaa bahari. Tangu hapo, kila maji yalipopungua niliongeza ya bahari, na ndoo ilipokwisha nilikwenda tena. Nilijiona mama wa wale viumbe wote. Nilipomimina nilikuwa nikiwaambia kwa sauti ya chini: haya, kunyweni ya kwenu.

Wiki zikapita, wakawa hai kweli. Maua yalifunguka, Mpangaji akahamia gamba jipya mbele ya macho yetu, uchi kabisa, mbiombio, baba mdogo akafunika macho kwa heshima. Ukingoni mwa kioo ilianza kuota kama unga mweupe. Nilionja, ni chumvi. Nikadhani viumbe wanatoka jasho. Nikaufuta kwa kitambaa kama unavyomfuta mgonjwa paji la uso.

Ndipo akaja Mchungaji Élie.

Kanisa lake, ambamo nilikwenda bila baba mdogo, lilisali ukumbi wa chini wa jengo letu, Wakongomani wenzetu, ngoma na maikrofoni. Élie alikuwa kijana bado, mrefu, suti ya kijani. Mnanielewa jinsi watu wetu wanavyoiogopa bahari: chini kuna falme, kuna wafalme wa mapepo, na anayeleta kitu cha bahari ndani ya nyumba ameleta mlango. Jumapili moja Élie alihubiri kwamba iko mutu mu jengo hii anafuga vitu vya majini ndani ya kioo, na mtoto mdogo anaonekana kila asubuhi akipanda ngazi na maji ya bahari. Aliyemwambia hayo ni Shabani. Shabani aliona kila mtu anayepita ngazini, ilikuwa ndiyo kazi yake pekee aliyoifanya vizuri.

Alhamisi baba mdogo akiwa hayupo, mlango ulifunguliwa kwa ufunguo ambao haukuwa wetu. Shabani mbele, Élie, na mama wanne wa maombi wenye vitambaa vyeupe. Nilisimama mbele ya kioo nikatanua mikono. Wakaomba kwa muda mrefu, mama mmoja akalia kweli kabisa, nadhani alikuwa na lake. Halafu Élie akatoa kichupa cha mafuta.

"Sifa, songa, mwanangu. Hatukuchapi weye. Tunafunga mulango tu."

Sikusonga. Alipopitisha mkono juu ya kichwa changu nilimng'ata kidole gumba, mpaka nikasikia ladha ya mafuta na ya damu. Kichupa kikamponyoka. Mafuta yakatambaa juu ya maji, ya dhahabu, yakazunguka na upepo wa feni. Shabani akacheka. Hicho kicheko nacho bado ninacho.

Baba mdogo aliporudi hakupiga kelele. Alilaza karatasi ya gazeti juu ya maji, akainyanyua, akalaza nyingine, mpaka mafuta yote yakahamia kwenye magazeti na maji yakawa meupe tena. "Yametoka," aliniambia. "Tazama, yametoka." Sikuamini. Nilikuwa nimeshamjua adui.

Wiki moja baadaye, zikiwa zimebaki siku mbili Pillay aje, niliamka nikakuta maua yote yamejifunga. Mpangaji alikuwa nusu nje ya nyumba yake, hajirudishi. Kiti cha pweza kimelegea kama glavu. Miiba ya Shabani imelala upande mmoja. Baba mdogo alipiga magoti mbele ya kioo, mkono kifuani, muda mrefu. Kisha akafanya kitu ambacho nilikiona wazi na sikukisoma. Alichovya kidole kwenye tangi, akakiweka ulimini. Akaenda mlangoni kwenye ndoo, akachovya kidole humo, akaonja tena. Akabaki ameinama juu ya ndoo, mgongo kwangu. Nikajua anatafuta ladha ya mafuta.

"Ni Mchungaji," nikasema. "Ni mafuta yake. Na Shabani."

Hakugeuka. Akasema, "Njoo, tumutafute kama iko mwenye kupumua."

Hakuwepo majini. Juu, kwenye pembe, nje ya mstari mwekundu, Mkimbizi alikuwa amejibana palepale. Baba mdogo alimbandua kwa ukucha, akamweka kiganjani, akasubiri. Baada ya muda mrefu pembe mbili ndogo zikatoka.

Pillay alipokuja nilikuwa nimeshapanga maneno yangu ya Kiingereza usiku kucha: Pastor, oil, Shabani, key. Sikupewa nafasi. Baba mdogo alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kwa Kiingereza chake cha vidole, akijigonga kifua kwa kila neno, "Me. Mistake, water. Me." Pillay alichovya kidole, akaonja, uso ukamshuka. Alisema tu kwamba alimweleza. Baba mdogo akakubali kwa kichwa, ndiyo patroni, ulinieleza. Wakalibeba tangi wote wawili kulishusha ngazi, na Shabani akasimama kando awapishe, akipiga mluzi. Mwezi uliofuata baba mdogo alikuwa na koti la njano na ile ndoo, kwenye maegesho ya magari, na huko ndiko alikozeekea.

Nilimkasirikia. Jioni ileile tulikuwa tunakwenda miambani kumrudisha Mkimbizi, yuko ndani ya kikombe cha bati, nami nalia kwa hasira. Kwa nini hukuwataja? Kwa nini umejitaja weye?

"Sifa, mama, kumutaja mwenye kosa ni kitu nyepesi. Ila ujue mbele, akishasimama mbele yako utamufanyia nini. Kama hujui, ngojea kwanza."

Mimi nilijua nitawafanyia nini. Nilikuwa na meno.

Tulimweka konokono kwenye mwamba, juu kabisa, pale ambapo bahari inafika kwa kurusha tu mate. Hakuteremka kwenda majini. Alipanda. Baba mdogo akasema, "Kumbe ni huku anakaa." Tukabaki hapo, akanishika mkono, ule mkono uliokatwa na kamba ya bluu, akaupuliza pumzi ya moto kama wanavyofanyiwa watoto wadogo. Hakuniuliza umekatwa na nini. Hilo nalo sikulisoma.

Kanisa nililiacha. Élie nilimnyima salamu miaka yote hiyo. Akipita saluni nilipandisha sauti nimtaje, wateja wajue. Naye aliinamisha kichwa, "Sifa mwanangu," akapita.

Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini nilipopata kazi ya kufanya usafi Queensburgh, kwa mama mmoja mzee ambaye marehemu mume wake alimwachia tangi la bahari sebuleni. Siku ya kwanza alinionyesha dumu la maji ya bomba. Akaniambia nijaze hayo tu, kamwe yasiwe ya chumvi: maji yakikauka, yanayoruka ni maji peke yake, chumvi haina mabawa, inabaki. Ukiongeza ya chumvi juu ya chumvi, kila siku kidogo, siku moja unawakausha wakiwa ndani ya maji. Alisema hivyo akitafuta miwani yake. Nilimwomba choo. Nilikaa humo nikiwa nimeshika sinki kwa mikono miwili, nikaona kidole cha baba mdogo kikiingia kwenye ndoo, kikipanda mdomoni.

Mnadhani nilikwenda kumwambia? Sikwenda. Nilimpelekea chakula Jumapili ile kama kila Jumapili, nikamtaja Élie kwa sauti kuliko siku zote.

Sasa amekufa. Siku ya tatu ya matanga Mchungaji Élie alikuja. Amezeeka, suti si ya kijani tena, anatembea kama mtu anayehesabu ngazi. Watu wakageuka kunitazama, maana wote wanajua. Aliomba ruhusa kwangu kusema sala. Akanyoosha kidole gumba mbele yangu, na kovu liko pale, dogo, jeupe.

"Hii kidole inaogopa mpaka leo," akasema.

Watu wakacheka kidogo, mimi sikucheka. Nilimvuta hadi jikoni, nikafunga mlango.

"Mchungaji, haikuwa mafuta. Ni mimi. Nilimwaga maji ya ndoo, nikaweka ya bahari."

Akanitazama. Hakushangaa.

"Amisi aliniambia," akasema. "Wiki ileile. Nilikuwa nimeenda kumuomba samahani kwa mafuta, akasema si mafuta. Akasema, huyu mutoto amepoteza baba na mama, hii ya tatu haiwezi kubeba. Acha akuchukie weye. Weye uko na kanisa nzima ya kukupenda."

"Na ukakubali."

"Niliingia nyumba ya mutu bila yeye kunifungulia. Nilikubali." Akatazama kidole chake. "Nilifikiri itakuwa mwaka moja, miwili. Weye, mama, uko na moyo murefu."

Nililia, naye akalia, tukashikilia meza ya jikoni kila mtu upande wake. Halafu alitoka akasema sala yake, na mimi nikasema amina kwa mara ya kwanza tangu nina miaka tisa.

Shabani bado namtaja. Alifungua mlango wa watu akacheka, na hilo si kosa la chumvi yangu. Élie nimemtoa kwenye orodha, na wateja wangu saluni nimeanza kuwaambia mmoja mmoja, ni kazi ndefu. Nafasi yake nimemwandika mwingine: Sifa, wa miaka tisa, ghorofa ya tatu. Ndiye aliyeiua kazi.

Ila nimekumbuka kwamba kabla ya kumtaja mtu ujue utamfanyia nini. Jana nilichukua ndoo nikaenda nayo bichi asubuhi, bila sababu, kwa miguu. Nikamwona yule wa miaka tisa anakuja, mwembamba, dumu la lita tano linampiga mguuni, anakazana maji yasimwagike. Kasimama mbele yangu. Nimemtua dumu. Nimempuliza vidole.